Ramadhani Tuliyomwaga Tangawizi

Nimestaafu. Chekeni, kama mlivyocheka wiki iliyopita nilipokata keki. Nna miaka thelathini na tano na watoto wanne, wa mwisho bado namfunga nepi, na kustaafu mnakuona ni kwa wazee wenye mikongojo. Lakini kazi yangu ilikuwa kuonja, na tangu yale mafua ya majira ya baridi ulimi wangu haukurudi. Asali naiona kama maji mazito. Mwonjaji asiyeonja akiendelea kukalia kiti ni mwizi, na miye si mwizi. Thuraya kaniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki yale ninayoyajua. Vyeo na mishahara siandiki. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara kila mtu anaujua wake.

Naanza na jengo, maana nyinyi mmelikuta limepakwa rangi na lina mashine ya kahawa mlangoni, mnadhani ndivyo lilivyozaliwa.

Nilifika hapa Wattaya, Maskati, mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na minane, na cheti cha sekondari chenye alama ambazo hata baba hakuziuliza mara mbili. Wakati huo hapa pakitengenezwa soda za rangi, zile za chupa za kurudisha. Nilitegemea banda la mabati nyuma ya maduka ya magari. Nikapita mlango mdogo wa pembeni, nikainua macho, nikasahau kufunga mdomo. Paa lilikuwa juu hata ndege walikuwa wameweka makazi yao humo na hawakutujali. Mwanga ulishuka kwa vidirisha vya juu, vipande vipande, na chini yake chupa zilikuwa zikitembea kwenye ukanda, mamia kwa mamia, zikigongana kama vijiko kwenye beseni la harusi. Nikafikiri: nani kalijenga jumba hili kwa ajili ya soda? Watu wanajengewa nyumba finyu kuliko hii.

Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya taa nyeupe na kutazama chupa zilizooshwa kabla hazijajazwa. Unatafuta ufa, mdudu, mrija, kipande cha sigara. Siku ya kwanza macho yalinivimba. Aliyeniokoa ni Ami Nasor, mchanganya sharubati wa kiwanda, mzaliwa wa Tabora aliyekuja Oman kijana na bado akihesabu kwa Kinyamwezi akiwa na haraka. Alisimama nyuma yangu na fimbo yake ndefu ya kukorogea.

"Mwanangu, weye unatazama chupa?"

"Ndiyo, Ami. Si ndiyo kazi?"

"Usiitazame chupa. Tazama mwanga. Chupa mbovu itakuudhi yenyewe."

Kanuni hiyo nimeitumia kwa mambo mengi, pamoja na kuchagua mume, na imenifaa siku nyingi kuliko zile ambazo haikunifaa.

Baada ya wiki mbili alinipeleka chumba cha ndani. Ilikuwa mwezi wa sita, nje lami inanata viatuni. Mlango ule mnaujua, lazima uiname. Nikainama, nikaingia, na ubaridi ukanipokea kama tumbo la mtungi. Hakukuwa na kiyoyozi. Hakukuwa na chochote, mapipa ya sharubati tu na giza. Ami Nasor akanishika kwa mkono wa nguo, akauweka mkono wangu ukutani.

"Jiwe na sarooj," akasema. Sarooj ni udongo wetu wa kuchoma, ule waliojengea mifereji ya maji na ngome kabla ya mifuko ya simenti kuingia nchini. "Ukuta huu unene wake ni mkono wangu mzima, kuanzia begani. Chumba hiki kilikuwepo kabla ya kiwanda. Walipokuja kujenga hawakuweza kukivunja, wakakizungushia jumba."

"Kilikuwa cha nini?"

"Wengine wanasema ghala la tende. Wengine wanasema vyengine. Aliyejua kafa."

Nikanyamaza. Miye kunyamaza ni habari, waulizeni wanaonijua.

Kiwanda kikafungwa nilipokuwa na miaka miwili tu kazini. Soda za makopo zilikuwa rahisi, chupa za kurudisha hakuna aliyezirudisha. Jengo likakodishwa kwa mfanyabiashara wa matairi. Miye nikaenda kukaa kwenye mashine ya malipo dukani huko Hail, nikaolewa, nikamzaa Hilal, nikamzaa wa pili. Kila nikipita Wattaya naona matairi yamerundikwa hadi kwenye vidirisha vya juu, jumba lile limenyamazishwa kama mtu aliyetiwa kitambaa mdomoni. Nilikuwa nikigombana na dirisha la gari. Mume wangu mwisho akawa anapita njia nyengine.

Halafu akaja Thuraya. Nyinyi mnamwita mudira, bosi wenu, na anapenda, lakini alipokuja alikuwa msichana wa mtaa wa kitajiri wa Madinat Sultan Qaboos mwenye shahada ya uhandisi na viatu visivyofaa kwa kazi yoyote. Watu wao wametoka Unguja, nyumbani kwao bibi yake akipika tangawizi ya kuchachua, ile inayojitia mapovu yenyewe ndani ya chupa. Ng'ambo alikosoma aliona majumba ya zamani ya kupikia bia, makubwa, yaliyoachwa na makampuni, yakafufuliwa na vijana wanaopika kidogo kidogo kwa mikono yao. Akarudi na picha simuni na wazimu kichwani. Akamtafuta Ami Nasor, Ami Nasor akanitafuta miye, tukakutana barazani kwake.

Ami Nasor akazitazama picha zile za matangi ya shaba muda mrefu. Akarudisha simu.

"Majumba mazuri, mashallah. Lakini bia sisi hatupiki, binti."

"Tangawizi, Ami. Ya bibi. Jumba lile lile, kazi ile ile, ila halali."

"Na sukari ikilala sana ikageuka kileo?"

"Ndiyo nakuhitaji wewe."

Hapo ndipo penye mzizi wa kazi yetu yote, basi msikilize. Tangawizi yetu ni kitu hai. Unakwaruza tangawizi mbichi, unaitia sukari na maji kwenye chupa pana, unailisha kila siku, na siku ya tano inaanza kupumua. Hiyo ndiyo mama. Mara ya kwanza nilipoiona ikipumua, vipovu vidogo vikipanda kimoja kimoja bila moto wala umeme, nilimwita mume wangu kwenye simu nikamwonesha. Akasema, "Salma, hayo ni maji machafu." Mwanamme anaweza kuishi na muujiza jikoni mwake na asiujue.

Unachemsha tangawizi iliyotwangwa na sukari, karafuu kidogo, ndimu. Unaipoza hadi ifike joto la maziwa ya mtoto. Jaribu kwa kifundo cha mkono, usiniletee kipimajoto. Unaitia mama. Unafunika kwa kitambaa safi, unaiacha tangini. Mama anakula sukari na kutoa mapovu. Ukimzuia mapema, una sharubati. Ukimzuia kwa wakati wake, una kinywaji kinachokuchoma koo na kukuchekesha. Ukichelewa, sukari yote kaila, na kilichobaki kinalewesha. Kati ya hicho cha pili na hicho cha tatu kuna siku moja, na ikiwa kuna joto ni nusu siku. Kinachoamua ni mwonjaji. Siku hizi mna kile kipimo cha kioo kinachoelea. Wakati ule tulikuwa na ulimi wa Ami Nasor na, alipokwisha kunifundisha kwa miezi, ulimi wangu.

Nilishangaa, na bado nashangaa, jinsi chumba cha ndani kilivyolijua jambo hili kuliko sisi. Tangi lililowekwa humo lilikwenda polepole, bila pupa, likatoa kinywaji ambacho ukumbini hatukukipata hata tulipotumia kiyoyozi. Watu waliojenga ukuta ule hawakuwa na habari ya tangawizi yetu. Lakini kila nilipoinama kupita mlango ule nilihisi kuna mtu katutengenezea nafasi kabla hatujazaliwa.

Sasa mwenye jengo. Alitupa mwaka mmoja kwa masharti. Wakili wake alikuja na kanzu iliyopigwa pasi hata inakwaruza, akasimama mlangoni asiguse kitu.

"Kibali cha kutengeneza vinywaji kikitoka kabla ya Idi, mtaongezewa mkataba. Kisipotoka, khalas, tunavunja. Hapa patakuwa maonyesho ya magari."

"Na chumba cha ndani?" nikamuuliza.

"Chumba gani?"

Wallahi nilitaka kumtia humo nikakomea mlango.

Ili kibali kitoke, mkaguzi angekuja mwezi wa Ramadhani kuchukua sampuli ya toleo letu kubwa la kwanza, lile la Idi, aipeleke maabara. Sampuli ikionekana inalewesha, hakuna kibali. Hakuna kibali, hakuna jengo. Rahisi hivyo. Tukajaza matangi manane. Chumba cha ndani hakichukui zaidi ya mawili, basi sita yakakaa ukumbini.

Na hapa ndipo nnapotaka mnisome vizuri, kwa sababu kosa lililofanyika lilikuwa langu, na nilikuwa na wasaidizi.

Siku ya kwanza ya Ramadhani Thuraya alitukusanya: yeye, Ami Nasor, miye, na Rajabu, fundi wa kujaza chupa kutoka Tanga. Akauliza nani ataonja mchana.

Rajabu akasema, "Si mnagusa na ncha ya ulimi halafu mnatema? Mpishi anaruhusiwa. Shehe wetu nyumbani alisema."

"Mpishi wa mchuzi," Ami Nasor akamjibu. "Tangawizi haisemi ulimini. Husema kooni. Usipoimeza hujaionja, umeinusa tu."

"Basi kuna mtu hafungi?" Thuraya akauliza. Akauliza hivyo hivyo, mbele ya wote, kama anayeuliza nani ana kalamu.

Miye nilikuwa sifungi. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne kifuani, wa tatu huyo, maziwa yakikauka nikikosa chakula nusu siku. Dini imenipa ruhusa, ntalipa siku zangu baadaye, hakuna aya inayonitaka nione haya. Lakini nani kati yenu wanawake hajala Ramadhani kwa kujificha? Tangu tukiwa wasichana tunafundishwa: ukiwa na udhuru, funga mlango, tafuna taratibu, futa midomo, toka na sura ya njaa. Asubuhi ile ile nilikuwa nimekula mkate na jibini ndani ya gari, kichwa chini ya usukani kama mwizi wa redio. Na mbele yangu amesimama mzee niliyemheshimu kuliko baba, na kijana wa watu.

Nikatazama sakafu. Thuraya akangoja kidogo, akasema, "Sawa, sote tunafunga, alhamdulillahi."

Ndiyo hivyo tu. Sikusema uongo hata mmoja. Nilinyamaza, na safari hii kunyamaza kwangu hakukuwa na heshima yoyote.

Tukakubaliana Ami Nasor aje kuonja baada ya futari. Alikuja, maskini, kila siku. Lakini ulimi uliokwisha kupita kwenye tende, uji wa mtama, sambusa na chai ya maziwa hauwezi kuhukumu sukari. Alionja akasema bado tamu. Kesho yake bado tamu. Mchana sisi tulinusa. Saa za kazi zilikuwa zimepunguzwa, tukitoka mapema mchana, na mlinzi aliyezoea kuzima kila kitu watu wakiondoka alizima na viyoyozi. Hatukumwambia asizime, na hatukujua kwamba anazima. Ukumbi ulipika mchana kutwa. Tangawizi ikaendelea kula.

Siku ya kumi na nane nilifika asubuhi, na mkaguzi alikuwa aje kesho yake. Nikasikia mlio, tsss, mwembamba, kutoka kwenye kreti la chupa za majaribio. Kifuniko kikaruka, kikapiga paa, ndege wakatawanyika.

"Ina nguvu, mashallah!" Rajabu akacheka.

Sikucheka. Nikaenda tangi la kwanza, nikafunua kitambaa. Harufu ilikuwa nzuri. Nzuri sana, na kavu. Ami Nasor akaja akainamisha pua.

"Iko sawa. Tangawizi mpya hunuka hivi."

"Ami, haiko sawa."

"Umejuaje?"

Sikujua. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa na njia ya kujua na niliificha siku kumi na nane chini ya usukani wa gari. Nikachukua kikombe, nikachota, nikaweka mdomoni mbele ya wote watatu.

"Dada Salma!" Rajabu akapiga kelele. "Saumu! Umesahau?"

Utamu haukuwepo kabisa. Badala yake kulikuwa na joto lililopanda puani badala ya kushuka kooni. Nikatema kwenye mfereji.

"Sijasahau! Sifungi! Nanyonyesha, sijafunga hata siku moja, mmesikia? Na hii imeharibika. Imekuwa pombe."

Nilikuwa napiga kelele, najua. Nikipiga kelele sauti yangu hufika kwenye maduka ya magari. Nikaenda tangi la pili, nikatema. La tatu, nikatema. Yote sita ya ukumbini. Thuraya alikuwa akinifuata na daftari asiandike kitu.

"Zote?" akaniuliza.

"Za ukumbini zote."

"Salma, mkaguzi ni kesho. Tukimwaga hizi tutampa nini?"

"Na tusipozimwaga tutampa nini?"

 Ami Nasor aligeuza uso ukutani, nikadhani ni kwa sababu nimekula mchana wa Ramadhani mbele ya macho yake. Mwili wangu mzima ulikuwa tayari kugombana naye juu ya hilo. Akageuka.

"Siku kumi na nane una ulimi mzima," akasema polepole, "na umeuficha?"

"Na ningeutoa, ungenitazama vipi? Siku ile Thuraya alipouliza, ungenitazama vipi, Ami?"

 Alikuwa mzee mkweli, na nadhani alikuwa akijitazama mwenyewe jinsi ambavyo angenitazama.

"Chumba cha ndani," akasema mwisho. "Ushaonja?"

Nikainama mlangoni.  Matangi mawili yalikuwa yamekaa gizani, hakuna aliyeyashughulikia siku nyingi, tulikuwa tumehangaika na yale makubwa ya nje. Nikachota. Nikameza.

Sijui niwaelezeje. Ilianza tamu, ikafungua ndimu, halafu tangawizi ikasimama kooni wima kama mtu mwenye haki yake. Hakuna kilichopanda puani. Nikachota ya tangi la pili, nikameza tena. Sawa sawa. Huko nje mashine zetu zimeshindwa na joto, na humu kuta za watu wasiojulikana majina zilikuwa zimeyashika matangi yale kwa mikono miwili, siku baada ya siku, bila kuombwa. Nikaliegemea jiwe na nikalia, na hasira yangu yote ikabaki imesimama mlangoni haijui iende wapi.

"Vipi?" Thuraya akaita.

"Ziko hai! Leteni barafu, zizuieni hapa hapa!"

Tukamwaga zile sita. Hamjaona kitu kama hicho na naomba msikione, lakini nikiwa mkweli kilikuwa kizuri. Rajabu alifungua bomba la tangi la kwanza na kinywaji kikatoka cha rangi ya dhahabu, kikatandaa sakafuni, na sakafu ile ambayo siku zote tuliiona tambarare ikaanza kukiongoza. Hakikubaki hata kidimbwi. Povu lilitufika vifundoni, likatembea kwa pamoja, likaingia mfereji wa katikati, likapita chini ya ukuta. Waliojenga walikuwa wameilaza sakafu yote kwa mteremko usioonekana kwa jicho. Jumba zima likanuka tangawizi na karafuu, na sisi wanne tumesimama na suruali na abaya zimekunjwa, tukitazama kazi ya wiki nyingi ikiondoka kwa heshima. Ami Nasor alikuwa akisema "subhanallah" kwa sauti ndogo. Nadhani ni kwa sakafu.

Mkaguzi akaja kesho yake. Thuraya akamwambia kila kitu, hata vile tulivyomwaga. Nilimkanyaga mguu, hakunyamaza. Mkaguzi akaandika, akachukua chupa mbili kutoka chumba cha ndani, akasema majibu yatatoka kabla ya Idi inshallah, akaondoka na sura isiyosema kitu.

Kuanzia siku hiyo nilionja saa sita mchana. Nilivuta meza katikati ya ukumbi, chini ya vidirisha, nikaweka kikombe na mkate wangu na jibini langu. Nilikula polepole. Wakili wa mwenye jengo alikuja siku moja na watu wawili wenye futi kupima kuta, akanikuta natafuna.

"Huoni haya, bibi?"

"Nimeona haya siku kumi na nane," nikamwambia. "Zimenigharimu matangi sita. Karibu, pima."

Rajabu alicheka hadi akakaa chini. Ami Nasor hakucheka. Hakuniambia neno siku tatu zaidi ya salamu, na salamu zake zilikuwa fupi. Hilo liliniuma kuliko futi ya wakili.

Siku ya nne Thuraya alitaka tufuturu pamoja kiwandani, kama kwa kuliaga jengo, ingawa hakulisema. Majibu yalikuwa hayajatoka. Tukatandika mkeka ukumbini. Nilileta sambusa, Rajabu kapika maharage ya nazi ya kwao, Thuraya kaleta thermosi tatu na hamu ya kulia. Adhana ikatoka msikiti wa nyuma ya maduka. Ami Nasor akala tende moja. Wote tukanyoosha mikono kwenye maji.

Yeye akainuka, akaenda chumba cha ndani, akarudi na chupa. Akaifungua, akajimiminia gilasi hadi juu.

Rajabu akashtuka. "Ami! Majibu bado hayajatoka! Je, kama..."

"Majibu ya nani?"

"Ya maabara."

"Salma kaionja leo mchana. Nilimwona." Akainua gilasi. "Miye nna miaka sabini na tatu, sijapatapo kutia kileo mdomoni, na sitaanza leo kwenye futari. Bismillahi."

Akanywa yote. Alikunywa akiwa amefumba macho, na kinywaji kilipomfika kooni nyusi zake zikapanda. Akaiweka gilasi mkekani. Hakunitazama, alimwambia Thuraya.

"Bibi yako angekuwa hai ningemposa."

Majibu yalitoka siku iliyofuata. Safi. Thuraya aliweka simu kwa sauti kubwa, na mtu wa upande wa pili akawa anaendelea kuuliza, "Allo? Allo?" kwa sababu hakuna aliyemjibu. Mkataba ukaongezwa. Wakili akatuma karatasi kwa dereva, yeye mwenyewe hakuja, na nilisikitika, nilikuwa nimemwekea mkate.

Tuliuza toleo dogo sana Idi ile, matangi mawili tu, na watu waligombania. Miaka iliyofuata mnaijua: mpika halwa akakodi upande wa kusini, wachoma kahawa wakaja, matangi yakaongezeka, viyoyozi vikafungiwa swichi yake peke yake ambayo mlinzi haigusi. Ami Nasor alifanya kazi hadi magoti yalipomkatalia. Yuko kwake, anakunywa chupa moja kila Ijumaa na kuikosoa.

Hasira zangu bado nnazo, msidhani jengo limezimaliza. Nnazo kwa sababu jumba lile nusura liwe vumbi, na si kwa joto wala kwa wakili, ni kwa sababu mwanamke mzima mwenye ruhusa ya Mola wake alitazama sakafu. Na nnazo kwa sababu najua kati yenu yupo atakayeitazama tena.

Basi hii ndiyo kanuni niliyoiacha, Thuraya ameitia saini na imebandikwa juu ya meza ya kuonjea. Ramadhani, saa sita mchana, katikati ya ukumbi, anaonja yule ambaye hafungi. Awe ananyonyesha, awe na mimba, awe mwezini, awe mgonjwa, awe msafiri aliyeshuka ndege asubuhi. Hasemi sababu. Anayeuliza sababu anaosha matangi yote peke yake, na Rajabu atamsimamia kwa furaha. Mwaka huu zamu ni ya Maryam, na nimeshamwona akiingia chooni na kikombe mkononi.

Maryam, mwanangu, toka humo. Kaa kwenye kiti. Onja mchana kweupe, meza kabisa, halafu sema kwa sauti watu wote wasikie.